Pembe ya Tandala

Kambi iliyozaa uskauti ilidumu wiki moja tu, Agosti 1907, kisiwani Brownsea, kusini mwa Uingereza. Vijana walikuwa kama 20. Wana wa matajiri walilipa pauni moja. Wana wa wafanyakazi, shilingi tatu na peni sita. Wote wakachanganywa katika vikosi vinne. Kwa Uingereza ya siku zile, hilo halikuwa jambo dogo!

Lakini alfajiri waliamshwa kwa pembe ya tandala. Baden-Powell alirudi nayo kutoka vita vya mwaka 1896 dhidi ya Wandebele, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Usiku, penye moto, aliwasimulia visa vyake vya Afrika. Mndebele wa kusimulia vyake hakuwapo.

Mimi nilivaa skafu ile shuleni. Tulifundishwa kwamba mzee huyo alizikwa Nyeri, Kenya, mwaka 1941. Habari za pembe hatukuambiwa.