Bata Mzinga na Bei ya Kuona

Mwezi uliopita niliulizia bei ya kurekebishwa macho kwa leza ili niachane na miwani. Nilisomewa hesabu, jicho kwa jicho. Nikacheka kidogo, nikashukuru, nikashuka ngazi. Kwenye matatu nikawaza: hii bei ilianzia wapi?

Zamani kazi hii ilikuwa ya kisu. Kule Bogotá, José Barraquer alikata kipande cha konea, yaani kile kioo cha mbele cha jicho, akakigandisha, akakichonga kwa mashine, kisha akakirudisha. Miaka ya 1970, Svyatoslav Fyodorov wa Moscow alichanja konea mistari kama miale ya jua. Mkono ukiteleza, imekula kwako.

Halafu tarehe 27 Novemba 1981, siku moja baada ya sikukuu ya Thanksgiving, Rangaswamy Srinivasan alibeba mabaki ya bata mzinga hadi maabara ya IBM katika jimbo la New York. Yeye na wenzake, James Wynne na Samuel Blum, walikuwa na leza ya eksima, ambayo mwanga wake hauonekani kwa macho. Leza ya kijani iliunguza kipande kile. Ya eksima ilichonga safi, pembeni pakabaki pazima. Mwaka 1983 Srinivasan na daktari wa macho Stephen Trokel wakaonyesha kwamba inachonga hata konea. Mwaka 1988 Marguerite McDonald akaitumia kwa mwanamke aliyejitolea: jicho lake lilikuwa linaona, ila lilikuwa litolewe kwa sababu ya saratani. Kuna watu walilipa hivyo.

Serikali ya Marekani iliidhinisha mashine hizo 1995, na pesa ikaanza kuongea. Kampuni mbili, Summit na VISX, ziliunganisha hataza zao, zile haki za uvumbuzi. Kila daktari alipomtibu mtu, dola 250 zilienda kwao, hata kabla hajalipa kodi ya nyumba. Mwaka 1998 tume ya biashara ya Marekani ikazishtaki kwa kuua ushindani, na muungano ule ukavunjwa. Kwa hivyo bei ya leza haikushuka kutoka mbinguni. Watu waliipanga, na watu wanaweza kuipangua.

Hapa kwetu, bima nyingi huuita upasuaji huu urembo. Mtu ambaye bila miwani hawezi kusoma namba ya matatu mpaka imsimamie miguuni, eti anataka urembo!

Ukianza kujichanga, uliza kwanza: bei hiyo inajumlisha vipimo, dawa, kurudi kliniki na marekebisho? Konea nyembamba, au iliyochongoka kama koni, haifai kuguswa na leza. Na ukipita miaka 40, huenda ukahitaji miwani ya kusomea hata baada ya kulipa yote hayo.

Mimi kwa sasa nimeweka kando pesa ya kupimwa konea tu. Hayo mengine yatangoja.