Kiswahili kilivyofika Kidato cha Nne Rangwe

Mtahiniwa wa Kidato cha Nne katika eneo la Rangwe, Kaunti ya Homa Bay, hufanya karatasi tatu za Kiswahili: Insha kwa alama 40, Lugha 80 na Fasihi 80. Kwake ni kawaida tu. Wazazi waliosoma kabla ya 1985 wanajua kwamba haikuwa hivyo.

Enzi za 7-4-2-3, mtoto wa Asumbi alifanya mtihani wa CPE usiokuwa na Kiswahili. Alipimwa Kiingereza, hisabati na karatasi ya maarifa ya jumla, basi. Na tuseme ukweli: kipindi kisichotahiniwa ndicho huwa cha kwanza kumezwa na hesabu. Huyo mtoto akiingia sekondari, Kiswahili kilikuwa somo la hiari, na asiye na msingi atachaguaje?

Tume ya Gachathi ilipendekeza mwaka wa 1976 kwamba Kiswahili kiwe cha lazima. Pendekezo likalala. Ajabu ni kwamba lililoliamsha ni ripoti ya Mackay ya 1981, ya tume iliyoundwa kuchunguza haja ya chuo kikuu cha pili! Humo ndimo ulimotoka mfumo wa 8-4-4. KCPE ya kwanza ikafanywa 1985, KCSE ya kwanza 1989, na Fomu Siksi ikazikwa mwaka huo huo.

Kwa mzungumzaji wa Dholuo, lazima hiyo haikuwa mzaha. Dholuo haina ngeli kama za lugha za Kibantu, wala sauti za /z/ na /sh/. Ndiyo maana meza yetu iliingia humo ikawa mesa, na kitanda kikawa otanda. Mwanafunzi anayeandika "kitabu yangu" anafuata mantiki ya lugha isiyodai nomino ikokote sentensi nzima nyuma yake. Lakini tusimwonee Mjaluo: "kitabu yangu" utaisikia Nakuru, utaisikia Nairobi, tena kwa watu ambao lugha zao za mama zimejaa ngeli. Mwalimu anayemcheka mwanafunzi wa Rangwe kwa kosa hilo hajatega sikio kwenye matatu.

Fasihi ndiyo iliyoleta faida ambayo watunga sera hawakuitaja sana. Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka 1996 na baadaye ikatahiniwa, inamtoa Kongowea Mswahili Tanga na kumfikisha Kitale akimtafuta babake. Msomaji wa bara aliona Kiswahili kikitembea hadi kwake, hakikubaki lugha ya watu wa pwani.

Tangu KCSE ya 2023, gredi ya jumla inahitaji hisabati na lugha moja tu: Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara ya Kenya. Masomo mengine matano ni yale aliyofanya vyema zaidi. Kiswahili bado hufanywa, ila mtahiniwa aliyebanwa na ngeli sasa anaweza kukipuuza bila gredi yake kutetereka. Hapo ndipo riwaya huwekwa kando na mwongozo ukanunuliwa.

KCSE ya mwisho ya 8-4-4 ni ya 2027. Waliojiunga na Gredi ya 10 Januari 2026 wamekikuta Kiswahili bado kwenye orodha ya masomo ya lazima, ila wenye kuchagua Lugha ya Ishara.