Mihimili ya Dola katika Katiba ya Majimbo ya Kenya, 1963–1966: Nafasi ya Seneti

Katika maandishi mengi ya historia ya Kenya, Katiba ya Majimbo hutajwa kwa haraka, kana kwamba ilikuwa kituo kifupi tu kuelekea jamhuri ya mwaka 1964. Sehemu hii inaichunguza kwa swali moja: kwa nini muundo uliojadiliwa kwa kina Lancaster House, London, ulivunjwa ndani ya miaka mitatu, tena kwa kura halali za Bunge?

Katiba hiyo haikuunda shirikisho kamili, bali ilikaribia. Serikali kuu iliongozwa na Waziri Mkuu, Jomo Kenyatta, na mawaziri waliowajibika kwa Bunge, huku Malkia akiwakilishwa na Gavana Mkuu. Mahakama Kuu ilibaki moja kwa nchi nzima. Chini yake kulikuwa na mikoa saba, ukiacha Eneo la Nairobi, kila mmoja ukiwa na baraza la kutunga sheria na rais wake. Ronald Ngala aliongoza Pwani, Daniel arap Moi Bonde la Ufa. (Neno majimbo hapa lamaanisha mikoa hiyo yenye madaraka, si maeneo ya kumchagulia mbunge.)

Uzito wa muundo huu ulikuwa katika Bunge. Pamoja na Baraza la Wawakilishi palikuwa na Seneti ya wajumbe 41, mmoja kwa kila wilaya na mmoja wa Nairobi, bila kujali idadi ya watu. Chama cha KADU, kilichobeba hofu ya jamii ndogo mbele ya KANU, kiliiona Seneti kuwa ngao yake. Kubadili vifungu vilivyolinda mikoa kulihitaji asilimia 75 ya Wawakilishi na asilimia 90 ya Seneti. Yaani, maseneta watano tu wangeweza kuzuia badiliko.

Mtafiti anashikilia kwamba ngao hiyo ilikinga maandishi, haikukinga utekelezaji. Katiba iliitajia mikoa kazi na vyanzo vya mapato, lakini makabidhiano ya kazi, watumishi na fedha yalipitia mikononi mwa serikali kuu, nayo iliyachelewesha. Seneti iliweza kukataa mswada. Haikuweza kumlazimisha waziri kuhamisha karani mmoja. Hapa tofauti na Katiba ya 2010 ni kubwa, kwani Ibara ya 203 inazitengea kaunti fungu lisilopungua asilimia 15 ya mapato ya serikali ya kitaifa.

Wapo wanaoeleza anguko hili kwa tamaa ya madaraka ya Kenyatta pekee. Maelezo hayo hayatoshi. Kiongozi wa mkoa asiye na fedha hana cha kuwapa waliomchagua, na wabunge wa upinzani walianza kuhamia KANU mmoja mmoja. Novemba 1964 KADU ilijivunja yenyewe, na tarehe 12 Desemba Kenya ikawa jamhuri yenye rais mtendaji. Kizingiti cha asilimia 90 kilikuwa bado kimeandikwa, ila hapakuwa tena na chama cha kukisimamia. Mwaka 1965 kilishushwa hadi asilimia 65 katika mabaraza yote mawili.

Mwisho wa mwaka 1966 mabaraza hayo yaliunganishwa. Yaliundwa maeneo mapya 41 ya uchaguzi, viti vya kuchaguliwa vikapanda kutoka 117 hadi 158, na maseneta wakahamia humo wakiwa wabunge. Badiliko hilo lilihitaji kura za maseneta wenyewe, nao walizitoa.