SILAHA IFICHWAYO MKONONI

Nina riwaya ninayoiandika. Mambo yake yanatokea Musoma ya mwaka 2190, vyombo vya angani vinatua ziwani kama bata. Shujaa wangu ana kisu cha kurusha kinachojikunja mpaka kikaenea kwenye kiganja. Nilipomaliza sura ya kwanza nilijiona nimefika! Mshikaji wangu akaisoma, akacheka. "Huyu si ninja wa kwenye video? Mtu wa Mara yuko wapi hapa?"

Aliniumiza, lakini alisema kweli. Kile kisu nilikitoa kibanda cha video. Vyuma vile vya Kijapani huitwa shuriken, yaani upanga uliofichwa mkononi. Na wenyewe hawakuvitegemea kuua. Vilimbabaisha adui ili upanga mkubwa umalizie.

Nikaanza kutafuta vya kwetu Afrika. Kumbe Wazande wa kaskazini mwa Kongo walikuwa na kpinga, kisu cha chuma chenye makali kadhaa yaliyochomoza huku na huku. Kikirushwa huzunguka hewani, na upande wowote utakaotangulia utakata. Msafiri Georg Schweinfurth, aliyefika kwa Wazande mwaka 1870, alivieleza na kuvichora. Vilikaa wapi? Nyuma ya ngao. Adui aliiona ngao tu, vilivyo nyuma yake hakuviona.

Lakini Kongo si Mara. Siku moja nikapanda basi hadi Bunda kumwamkia mzee mmoja, ndugu wa marehemu babu yangu. Baada ya shikamoo nikamwuliza: zamani mlificha silaha gani?

"Mjukuu wangu, upinde utauficha wapi?" akanijibu. "Mwindaji alipita nao njiani, watu wanamwona, wanamtakia heri. Kilichofunikwa ni ncha ya mshale."

Akanieleza kwamba ncha yenye sumu huviringishiwa kipande cha ngozi, sumu isikauke na mwenyewe asijichome. Sumu za namna hiyo Afrika Mashariki hutokana na miti ya jamii ya msunguti, nayo husimamisha moyo. Ajabu ni kwamba madaktari wa Ulaya walikuja kuitumia dawa iliyomo, kwa kipimo kidogo sana, kutibu moyo huohuo.

Halafu mzee akanyamaza kidogo. "Upinde ulianza kufichwa pale mwindaji alipoitwa jangili."

Hifadhi ya Serengeti ilitangazwa mwaka 1951. Mbuga walizowindia Waikoma, Wanata na Waikizu zikawa na mipaka na askari. Mshale ni uleule, mkono ni uleule, ila sasa unapita usiku. Simtetei jangili, wanyama wakiisha tutakula nini na tutasimulia nini? Nasema tu kwamba siku ile kitu cha heshima kiligeuka kuwa siri.

Nikirudi nilipitia Butiama. Pale alizaliwa mwaka 1922, na pale amezikwa, Mwalimu Nyerere, aliyeutafsiri kwa Kiswahili mchezo wa Shakespeare juu ya Juliasi Kaizari. Kaizari aliuawa tarehe 15 Machi mwaka 44 kabla ya Kristo, kwa majambia yaliyofichwa na watu aliowaamini. Mzande alimficha adui, jangili alimficha askari, hawa walimficha rafiki. Je, hizo ni siri za aina moja? La hasha!

Basi, ndugu mwandishi mwenzangu, mimi nilikosea swali. Nilikazana kuuliza silaha inafichwaje, kumbe nilipaswa kuuliza inafichwa nani asiione, na tangu lini.

Sura ya kwanza nimeichana. Katika mpya, shujaa wangu anapita soko la Musoma na upinde begani, mchana kweupe, na akina mama wanamsalimu. Ukurasa wa tisa inatoka amri kwamba kuanzia kesho pinde ni marufuku. Usiku huo anakaa kitandani, anautazama, anatafuta pa kuuficha. Hadithi yangu inaanzia hapo.