Nani Aulizwe Jina la Shamba?

Upimaji wa ardhi ulioanza Ayalandi mwaka 1824, chini ya utawala wa Uingereza, ulihusu kodi. Kila parokia ilifunguliwa daftari la majina, na kurasa zake zikagawanywa safu: jina lilivyopokelewa, tahajia inayopendekezwa kwa ramani, tahajia nyingine zilizopo, na aliyeandika kila moja. Katika safu hiyo ya mashahidi wamo wenye ardhi, mawakala wao, makasisi na ramani za zamani. Anayelima shamba lenyewe kwa kawaida hayumo, maana hana hati ya kuonyesha.

Aliyemtafuta mkulima huyo kwa niaba ya upimaji ni John O'Donovan, mtoto wa mkulima wa Kilkenny aliyejua Kiayalandi. Katika miaka ya 1830 alipita parokia baada ya parokia, akiwaomba wazee watamke jina, kisha akaliandika kwa Kiayalandi daftarini. Inauma kuona kilichofuata. Kwa ramani ilichaguliwa, kati ya tahajia za Kiingereza zilizokwisha kuwapo, ile iliyokaribia zaidi matamshi hayo. Hata kwao O'Donovan, Áit an Tí Mhóir, panasomeka Attateemore. Sauti imesalia kwa kiasi, ila msomaji wa ramani hawezi tena kujua kwamba pametajwa nyumba kubwa.

Norwei nako kazi ilitokana na kodi. Tume ya mwaka 1878 ya kusahihisha majina katika rejista ya ardhi ilimhusisha Oluf Rygh, mwanaakiolojia. Matokeo yake, Norske Gaardnavne, yalichapwa kwa majuzuu kuanzia 1897 hadi 1924, ingawa Rygh mwenyewe alifariki 1899. Chini ya jina la shamba unakuta matamshi ya wenyeji, kisha tahajia za karne kwa karne, kila moja na mwaka wake. Makarani waliozoea Kidenmark waliandika Vig na Houg kwa mashamba yaitwayo Vik na Haug. Rygh hakufuta makosa hayo. Aliyapanga kama ushahidi. Ramani za Wajerumani zilizoandika Mwanza kuwa Muansa na Ujiji kuwa Udjidji zina thamani hiyo hiyo: zinaonyesha sikio la karani.

O'Donovan na Rygh wote walijali ulimi wa wenyeji. Lakini matamshi ya wazee wa Norwei yaliingia kitabuni, ya wazee wa Ayalandi yakabaki ofisini huku ramani ikienea bila hayo.

Hata hivyo, huko Norwei ulimi nao umezua ugomvi. Sheria ya majina ya mahali ya 1990 ilitaka tahajia izingatie matamshi ya kurithiwa. Wenye mashamba wengi walipinga, kwa kuwa tahajia ya Kidenmark ndiyo iliyo kwenye hati ya babu, na mara nyingi kwenye jina lao la ukoo. Mwaka 2015 mwenye shamba alipewa haki ya kuamua, mradi athibitishe kwamba tahajia hiyo imewahi kutumika rasmi. Naiunga mkono haki hiyo kwa sharti moja: rejista iweke matamshi ya majirani kando yake, kwa sababu shamba likiuzwa, haki ya kuamua inahamia kwa mtu ambaye pengine hajawahi kusikia wenyeji wanavyoliita.