Ualimu wa Watoto Wadogo na Wenye Ulemavu Kampala: Kutoka Sadaka Hadi Taaluma

Mtu atokaye katikati ya mji wa Kampala akaishika barabara ya Jinja, akipita Nakawa hukiona upande wa kushoto kilima cha Kyambogo, ambacho tangu mwaka 1954, chuo cha serikali cha walimu kilipohamishiwa huko, kimekuwa makao makuu ya taalimu ya ualimu katika nchi ya Uganda. Kilimani hapo kazi mbili ambazo watu wengi walizihesabu kuwa ni za huruma tu, nazo ni kumfundisha mtoto ambaye hajafikia umri wa darasa la kwanza, na kumfundisha mtoto kipofu, kiziwi au mwenye ulemavu wa akili, zimepata shahada na heshima ya elimu. Kijana anayekusudia kuishika kazi hii yampasa aijue njia iliyopitiwa, na deni ambalo bado halijalipwa.

Hadi katikati ya karne iliyopita mtoto kipofu aghalabu alikaa nyumbani, akipendwa na wazazi wake lakini pasipo kutumainiwa. Katika utawala wa Gavana Sir Andrew Cohen, aliyekuwako Uganda tangu 1952 hadi 1957, mambo yakaanza kugeuka. Sir Clutha Mackenzie, mtu wa New Zealand aliyepoteza macho yake katika vita vya Gallipoli mwaka 1915, alikuja kusimamisha kazi ya vipofu, na mwaka 1955 mafunzo yao yakaanzishwa Madera, karibu na Soroti. Kampala nayo, mwishoni mwa miaka hiyo ya 1950, ikaanza kuwafundisha watoto viziwi, na kutokana na juhudi hizo ikapatikana shule ya viziwi ambayo sasa iko Ntinda, jirani na Kyambogo.

Walakini nia njema haikutosha. Mtazame mtoto kipofu anayeanza kuandika nukta nundu: karatasi nene hubanwa katika kibao, naye kwa kidude chenye ncha hudunga nukta moja moja, ambazo katika herufi haziwezi kuzidi sita, na kwa kuwa vinundu hujitokeza upande wa pili wa karatasi, hana budi kuandika kutoka kulia kwenda kushoto, kila herufi ikiwa imepinduliwa, ndipo aigeuze karatasi na kuyasoma maneno kwa vidole kutoka kushoto kwenda kulia. Mwalimu asiyeijua kazi hii hawezi kumwokoa mtoto huyo kwa huruma, hata huruma yenyewe iwe kubwa namna gani.

Haja hiyo ya walimu wenye ustadi ndiyo iliyokuza elimu maalumu Kyambogo tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa msaada mkubwa wa Denmark, ambao katika miaka ya 1990 ulisaidia pia kuweka wilayani huduma za kuwapima watoto na kuwaelekeza kwenye shule ziwafaazo. Taasisi ya Taifa ya Elimu Maalumu, maarufu kwa jina la UNISE, ilipewa sheria yake mwaka 1998, na mwaka 2003 ikaunganishwa na chuo cha ualimu na chuo cha ufundi vilivyokuwa jirani zake, vyote vikawa Chuo Kikuu cha Kyambogo. Zama zenyewe ziliihimiza kazi hiyo: Katiba ya 1995 iliitaja lugha ya alama kuwa jambo ambalo dola ina wajibu wa kuliendeleza, na elimu ya msingi ya bure ilipoanza mwaka 1997, kwa watoto wanne wa kila nyumba, mtoto mlemavu ndiye aliyetakiwa kutangulizwa. Wanafunzi wa shule za msingi waliokuwa kiasi cha milioni 3 mwaka uliotangulia wakapita milioni 5, na walimu wakajikuta wana watoto ambao wao walimu hawakupata kufundishwa namna ya kuwafundisha.

Ama watoto wadogo, mojawapo ya njia zao ilitoka pwani. Katika miaka ya 1980 wazee wa Kiislamu wa Mombasa walisikitishwa kuona watoto wao wakibaki nyuma shuleni, wakaomba msaada wa Aga Khan, kiongozi wa Waislamu wa Ismailia. Bi Swafiya Said, mwalimu wa Mombasa, akaingia mitaani na misikitini kuzungumza na wazazi, hata mwaka 1986 ikafunguliwa chekechea ya kwanza iliyochanganya mafundisho ya dini na elimu ya dunia. Mpango huo ulifika Unguja mwaka 1990, na Kampala mwaka 1993. Sharti lake kubwa lilikuwa kwamba jamaa wa mtaa watoe mahali na kuunda kamati, na mwalimu awe mwanamke wa papo hapo mtaani, afundishwe kazi kisha akaguliwe na kushauriwa darasani mwake. Mwalimu huyo alijifunza kumwacha mtoto ahesabu kwa mbegu na vizibo vya chupa, apange, apangue, aulize na kuchagua mwenyewe, badala ya kukariri herufi kwa sauti kutwa nzima.

Lililobaki ni deni. Sheria ya Elimu ya 2008 iliitambua chekechea kuwa daraja ya elimu, lakini ikaiacha mikononi mwa watu binafsi, gharama zake zikawa juu ya wazazi. Kisha sera ya walimu ya mwaka 2019 ikataka kila mwalimu, hata wa chekechea, awe na shahada. Kumtaka mwalimu shahada ilhali ujira wake watoka katika karo ya mchuuzi wa soko la Owino au dereva wa bodaboda, ni kumtwika mzigo wa taifa zima.

Kwa hiyo kijana anayeitaka kazi hii asiogope kuitaka, kwani ni taaluma kamili yenye historia na ustadi wake. Na serikali, iliyomtaka mwalimu huyo asome, hapana budi ishiriki kumlipa mshahara, katika chekechea za mitaa ya maskini kwanza.