Habari za Milima ya Kitulo

Sisi tuliozoea kuitazama milima ya Matogoro pale Songea hudhani tumekwisha kuona milima. Nami nalidhani hivyo, mpaka nilipofunga safari kwenda Kitulo.

Kutoka Peramiho nalikwenda Songea, nikapanda gari la abiria, nikapita Njombe na Makambako, nikashuka Chimala. Hapo barabara yapanda kwenda Matamba kwa kona nyingi. Watu huziita Hamsini na Saba, kwa kuwa ndiyo hesabu yake. Upande mmoja ni mwamba, upande wa pili ni bonde la Usangu, nalo liko chini mno hata mtu akilitazama hupata kizunguzungu. Huko juu nalikuta baridi kali, ukungu, na uwanda wa majani upatao meta 2,600 juu ya bahari. Mvua zilikuwa zimeshika, na nchi yote ilijaa maua: meupe, mekundu, ya manjano na ya zambarau. Watu huiita Bustani ya Mungu, wala sikuona jina liwezalo kuifaa zaidi.

Walakini ramani za kale zilikuwa na jina jingine. Mwaka 1877 Mwingereza Frederic Elton, balozi wa nchi yake huko Msumbiji, alifika Ziwa Nyasa, akichungua pia habari za biashara ya watumwa. Kutoka upande wa kaskazini wa ziwa alivuka milima pamoja na wenzake. Hakurudi kwao, alifariki Ugogo mwezi wa Desemba mwaka ule ule. Baadaye Wazungu waliuita uwanda huu kwa jina la Elton, kana kwamba haukuwa na wenyeji. Kumbe Wawanji, Wakinga, Wasafwa na Wanyakyusa walikuwa wakikaa pande zake zote. Leo jina la Elton halitajwi, na Kitulo limebaki.

Jambo kama hilo lilitokea tena juzi juzi. Wawindaji wa Rungwe walikuwa wakisimulia habari za tumbili mwenye haya aitwaye kipunji, na wageni wakashuku kuwa ni hadithi tu. Mwaka 2003 wataalamu walimwona kwa macho, na mwaka 2005 wakatangaza habari zake. Mwaka 2006 ilithibitika kuwa yeye ni wa jenasi mpya, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa tumbili wa Afrika tangu mwaka 1923. Basi aliyekuwa mpya kwa wataalamu alikuwa wa zamani kwa wenyeji. Kipunji huishi pia katika msitu wa Livingstone, ulio ndani ya hifadhi ya Kitulo.

Hifadhi hiyo ya taifa, yenye kilometa za mraba 413 hivi, iliwekwa mwaka 2005, hasa kwa ajili ya maua. Sababu yake ilikuwa chikanda, yaani viazi vya maua ya okidi, ambavyo Wazambia huvitwanga na kuvipika pamoja na karanga. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 viazi hivyo vilivuka mpaka kwa mamilioni kila mwaka.

Huko Matamba mzee mmoja alinikaribisha kwake. Nilipoyasifu maua, alicheka kidogo, akasema, "Mwalimu, hayo unayoyasifu ndiyo yaliyowasomesha wanangu. Tulichimba, tukauza, tukalipa ada." Nikamwuliza, "Na sasa, baba?" Akajibu, "Sasa nalima viazi mviringo. Hivi nikivichimba, napanda tena. Vile nalivichimba tu."

Sikuweza kumlaumu, kwa maana aliyeshiba huona ni rahisi kumfundisha mwenye haja. Lakini neno lake la mwisho halikunitoka moyoni. Vijito vya milima ile hushuka Usangu, hunywesha mashamba ya mpunga, huingia Ruaha Mkuu, na maji yake hufika Mtera na Kidatu panapofanywa umeme. Anayechimba juu huwagusa wengi walio chini asiowajua.

Nasi tusidhani habari hizi ni za Kitulo tu. Mto wetu Ruvuma waanzia Matogoro, ile milima tuitazamayo kila siku. Je, huko twachimba na kupanda tena, au twachimba tu?